Kusikia Hakuunguzi Foni

Mwaka ule wa tisini na tatu, aliyetaka habari za Dilala, mtaa wa mji wa migodi wa Kolwezi, hakusumbuka kumuuliza padri wala karani wa komuni. Alikuja kuketi kwenye benchi la Mama Mado. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene wa mgodini juu ya matofali manne, na mbele yake jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Kampuni ya mgodi ilikuwa imelala, mshahara umesahaulika, umeme unakuja siku unayojisikia. Nusu ya nyumba za mtaa zilikuwa tupu. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa tangu mwezi wa tatu, wakarundikwa stesheni wiki nenda wiki rudi wakingojea mabehewa, na milango yao ikabaki kugongwagongwa na upepo. Waliobaki walikuja benchini kunywa kahawa na kubishana, maana kazi nyingine ya kufanya haikuwepo. Na kwa siku tisa sasa walikuwa na ubishi mmoja tu, ule wa fishi.

Nyumba iliyokuwa nyuma ya benchi ilikuwa ya Muamba, na sebuleni mwake mlikuwa na foni, redio ile ya kuongea na miji ya mbali. Kolwezi nzima ilikuwa inapanga mstari pale kuongea na ndugu wa Kamina, Likasi, Mwene-Ditu. Muamba alikuwa mume wa Simone, na Simone alikuwa dada mkubwa wa Mado, tumbo moja, ziwa moja. Vijana waliokuwa wanafukuza watu walipokuja kumtoa Muamba, Simone alifunga mizigo akamfuata mumewe, ingawa yeye hakuwa mtu wa Kasai na hakuna aliyemwambia aondoke. Treni yao iliondoka mwezi wa tano. Tangu hapo Mado hakujua kama dada yake alifika, amekwama, au yuko chini ya udongo. Hilo ndilo jambo moja alilotaka kulijua, na ndilo hilohilo alilokuwa analiogopa.

Siku ya kufukuzwa, kijana mmoja alipanda juu ya bati, akavuta kabo, waya wa antena, kwa nguvu, fishi ikang'oka. Fishi ni kile kichwa cha chuma mwisho wa kabo, kinachoiunganisha na foni. Kabo ilibaki inaning'inia, moyo wake wa shaba uko nje kama mfupa.

Baadaye Kyungu, aliyehamia humo "kulinda nyumba ya ndugu", na ambaye benchi lilikuwa limempa jina la Gardien, yaani mlinzi, aliuchomeka ule moyo wa shaba kwenye tundu la foni, akaukaza kwa kijiti cha kiberiti. Akawasha. Saa kumi kamili jioni, sauti ikatoka.

— Dilala Moja, Dilala Moja. Munanipata? À vous.

Dilala Moja lilikuwa jina la foni ile hewani. Na watu wote wa foni hulijua neno lile la mwisho. Maana yake ni kwamba mimi nimemaliza, zamu ni yako. Na foni ina sheria yake isiyoandikwa popote: mtu akiita, wa kwanza kusikia anajibu, hata kama habari si zake. Kumwacha mtu anaita hewani bila jibu kulihesabiwa sawa na kumfungia mlango mgonjwa. Lakini Muamba mwenyewe aliwahi kuwafundisha jambo jingine pia: kusikia hakuunguzi foni, kusema ndiko kunakounguza. Fishi ikiwa mbovu, nguvu ya maneno yako inakosa pa kutokea, inarudi ndani na kuchoma kila kitu.

Basi wakasikia, wasijibu. Kwanza ipatikane fishi nzuri, walisema. Siku ya pili Dodo, muuza vipuri sokoni, alileta fishi mbili akaziweka mezani kando ya foni. Ya kwanza ilikuwa ya kuchoma, inayoshikishwa kwa risasi laini iliyoyeyushwa, ile wanayoiita etain. Ya pili ilikuwa ya kukaza kwa mkono, unaizungusha kwenye kabo kama visi, yaani skrubu, bila moto. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Dodo akaitwa Visi. Mzee Nkulu, aliyekuwa fundi umeme wa karakana kwa miaka ishirini na sita, akaitwa Tata Etain. Na fishi zote mbili zikabaki mezani zinashika vumbi.

Siku hii ya tisa, kwenye saa tisa na nusu, Tata Etain aliketi, akapokea kikombe, akaanzia palepale alipoachia jana.

— Fishi ya kukaza haiko fishi. Ile ni kofia. Upepo inapita, kabo inatikisika, inalegea. Mvua inaingia, shaba inatoka kutu ya kijani. Mwezi mbili tu, haupate tena kitu. Lakini ukichoma na etain, shaba na fishi binakuwa mwili moja. Ni ndoa ya kanisa.

— Ndoa ya kanisa na moto ya wapi? Visi alidakia. Kuran haiko, umeme yote imekatika. Utapasha chuma yako kwa makala ya jiko ya Mama Mado? Ikikaa pale kidogo zaidi, plastiki ya ndani inayeyuka, moyo ya kabo inagusa wavu yake, ile ya waya nyembamba inaizunguka, njo umeua foni nzima. Yangu haiombe moto. Mikono tu, basi. Bahenga balisema, haraka haraka haina baraka.

— Sasa si wewe njo mwenye haraka? Mado alimuuliza.

— Njo maana nasema, Mama Mado.

— Mi nasema tuache vile iko, alisema Gardien. Kijiti kinatosha. Si tunasikia?

— Tunasikia nini? Mado aliuliza. Nani anaita?

Hilo ndilo lililokuwa la kutisha, na ndilo lililowafanya warudi kila siku, kama mtu asiyeacha kugusa jino bovu kwa ulimi. Sauti ile, kwa kupita kwenye kijiti cha kiberiti, ilikuja imechujwa, nyembamba, haina uso. Huwezi kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke. Na kila mmoja aliijua.

Gardien aliijua kuwa ya Muamba. Tena Muamba alikuwa ameshakufa. Ngeleka, mfanyakazi wa reli, alirudi na habari kwamba alizikwa kando ya njia, mbele kidogo ya stesheni ya Tenke, kabla treni haijamaliza hata siku mbili. Gardien alilala kitanda cha marehemu, akavaa kandambili zake, na kila saa kumi alimsikia mwenye nyumba anabisha hodi.

Tata Etain aliijua kuwa ya Nkongolo, aliyefanya naye kazi meza moja karakanani miaka kumi na minane. Mchana kweupe, siku ile ya vijana, Nkongolo aligonga mlango wa Tata Etain na kumwita kwa jina. Tata Etain alikuwa ndani. Hakutoka.

Visi hakusema aliijua kuwa ya nani. Lakini kila mtu alijua vipuri vilivyojaa kwenye meza yake sokoni vilitoka kwenye nyumba gani, na fishi zile mbili pia hazikununuliwa dukani.

Na Mado? Mado alisikia dada yake, alisikia Simone. Kule stesheni, wiki za mwanzo, alimpelekea dada yake ugali wa bukari na mboga ya sombe mara tatu. Mara ya nne kijana mmoja aliyesimama kwenye njia alimuuliza, mama, ile chakula unapelekea nani? Mado akasema, hapana, ni yangu mwenyewe. Akageuka akarudi nyumbani nayo. Simone alingoja stesheni wiki tatu zaidi, na Mado hakurudi tena. Aliona haya, jamani, na haya ikizidi inafanana na ukatili.

— Miye nitawaambia kitu, Tata Etain alishusha sauti. Mujue sababu njo nataka etain. Fishi ya kukaza inaacha nafasi. Kidogo, kama unywele. Mutu muzima hapite pale. Lakini mwenye alishakufa, anapita. Etain inaziba. Tukichoma, kama ni mutu wa kweli, tutamusikia muzuri. Kama haiko mutu, itanyamaza.

— Weee! Visi alisimama kabisa. Unazibia nani? Kama eko ndani ya kabo saa unachoma, unamufungia mule. Hatatoka tena! Atakaa kwa nyumba ya Gardien mupaka mwisho ya dunia.

— Haiko nyumba yangu, alisema Gardien haraka. Miye nalinda tu.

— Bahenga balisema, paka akienda, panya anatawala.

— Ile methali na fishi, wapi na wapi? Mado aliuliza.

— Mama, methali ni methali.

Gardien akaweka kikombe chini.

— Munajua hii shaba ya kabo inatoka wapi? alisema. Inatoka hapa. Shimo yetu. Nani aliichimba? Babu ya Muamba. Babu ya Nkongolo. Baliletwa na treni, bakachimba, bakafwa na vumbi kwa kifua. Shaba inakumbuka mukono. Hakuna mutu anaita kutoka mbali, ninyi. Ni kabo yenyewe. Inaita bantu bake. Hata ukatupa foni kwa mutoni, itaita tu. Na siye tunaishi juu yake. Nyumba, barabara, kaburi, yote juu ya shaba.

Upepo ukapita kwenye nyumba tupu ya jirani na bati moja likalialia. Mado aliona vinyweleo vya mikono vinamsimama, akakasirika kwa sababu vilisimama.

— Tata Etain, alisema, fishi ya kuchoma inataka dakika ngapi?

— Oh, mama. Kumi na tano. Ukate ngozi ya kabo, ukunjue wavu, upashe moto...

— Na ya Visi?

— Dakika tano! Visi alijibu. Unakata ngozi na kisu, unarudisha wavu nyuma juu ya ngozi, unaangalia hata waya moja ya wavu isiguse moyo. Unazungusha fishi kama unafunga chupa, mupaka moyo inatoka kwa ncha. Imeisha.

— Imeisha mupaka upepo, alisema Tata Etain.

— Na wewe imeisha mupaka plastiki!

Wakaanza tena. Mado aliwasikiliza, na kwa mara ya kwanza akajisikiliza na yeye. Siku tisa alikuwa ameuliza maswali hayohayo. Siku tisa alikuwa amewamiminia kahawa hawa wanaume ili waendelee, na hakuwahi hata siku moja kuwaambia nyamazeni mkafunge. Fishi ikifungwa sauti itakuwa na uso. Bila fishi, Simone alikuwa hai kila siku mpaka saa kumi, na baada ya saa kumi alikuwa hai tena mpaka kesho.

Saa kumi ilipokaribia, Gardien aliingia ndani akaunganisha betri ya gari na foni. Aliacha mlango wazi kama kawaida, wao wakabaki benchini. Kelele ya hewani ikaanza, ile ya mafuta yanayokaanga. Kisha ikaja sauti.

— Dilala Moja, Dilala Moja. Munanipata? À vous.

Sauti ikarudia mara ya pili, ya tatu.

— Leo iko safi, Visi alinong'ona. Munasikia? Leo haina ile kukwaruza ya nyuma.

— Ni kweli, Tata Etain alikubali. Siku zote kulikuwa parasiti, ile makelele ya hewa, pale nyuma. Kh, kh, kh. Leo imeondoka.

— Munaona? alisema Gardien kutoka mlangoni, uso umemlegea kwa furaha. Kijiti kinatosha! Kabo imejipona yenyewe.

Mado alikuwa na birika mkononi. Alilisikia lile neno, nyuma. Ni kweli. Siku zote nane, nyuma ya sauti ile, kulikuwa na kukwaruza, na yeye pia aliita kukwaruza. Kh, kh, kh. Mara tatu, halafu pumziko, halafu mara moja ya mwisho. Alikuwa amelala mkeka mmoja na kikohozi kile cha dada yake miaka kumi na mitano, utotoni, kila msimu wa baridi. Alikijua kabla hajajua kuhesabu. Na siku nane alikisikia akasema moyoni, ni foni.

Aliweka birika chini. Hakuliweka jikoni, aliliweka palepale kwenye vumbi.

— Mama Mado, unaenda wapi?

Hakujibu. Alimsukuma Gardien kwa bega akaingia. Alichukua kisu cha kukatia tangawizi kwenye kiuno cha kitenge chake, akang'oa kijiti cha kiberiti, akavuta kabo. Alikata ngozi. Alirudisha wavu nyuma juu ya ngozi, akaulaza kwa kidole gumba, akanyofoa waya mmoja uliokuwa unataka kugusa moyo. Alichukua fishi ya kukaza akaipuliza vumbi. Akaizungusha kama anayefunga chupa, mpaka moyo wa shaba ukachungulia nchani. Siku tisa walikuwa wamemfundisha bila kujua. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha kahawa.

— Mama, itaungua! Tata Etain alipiga kelele dirishani. Hujapima! Utaua foni!

— Ife, alisema Mado.

Akaikaza kwenye foni, akashika kipaza sauti, akabonyeza.

— Dilala Moja inakupata. Hapa Mado. À vous.

Foni haikuungua. Ilinguruma kidogo, ikatulia, na hewa ikawa safi kabisa, kama chumba kilichofagiliwa. Kisha ikasema sauti ya mwanamke, kijana, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia maishani mwake.

— Mungu wangu. Dilala? Mama Mado mwenyewe? Mudogo ya Mama Simone? À vous.

— Ni miye. Wewe ni nani? À vous.

— Miye ni Mbelu. Niko natumika na foni ya paruasi, kwa mapadri, hapa Mwene-Ditu, Kasai. Haunijue, mama. Lakini nilizaliwa Kolwezi, tulitoka na treni moja na Mama Simone. Siku tisa niko naita. Niliambia Mama Simone, pale Dilala hakuna mutu. Yeye anasema, hapana, mudogo wangu anauza kahawa pale kwa mulango kabisa, hawezi kukosa kusikia. Wewe ita tu. Anangoja na miye, anakaa kwa kiti hapa pembeni yangu, anakohoa na kifua yake ile. Kila siku saa kumi. À vous.

Mado alibonyeza.

— Umupatie nafasi aongee. Nataka yeye. À vous.

Kelele ya mafuta yanayokaanga ilijaa chumba. Nje, wale watatu walikuwa wamesogea mpaka dirishani, na walikuwa wameshaelewa kwamba aliyeita hakuwa Muamba, wala Nkongolo, wala shaba. Alikuwa mtu. Siku zote tisa alikuwa mtu tu, mtu anayeita.

— Mama Mado, ilisema foni. Kwanza uvumilie. Mama Simone alifwa jana magaribi. Tumemuzika leo asubuhi, na nyimbo, na batu wengi ba Kolwezi. Hakulala peke yake. Aliomba neno moja tu. Alisema, siku utamupata mudogo wangu usimugombeze. Umuulize tu. Mama, zile siku zote, mulikuwa munatusikia? À vous.

Na sheria ya foni ni hiyo: ukishasemewa neno hilo la mwisho, njia ni yako, hakuna mwingine anayeweza kusema katika zamu yako. Mado aligeuka dirishani. Tata Etain alikuwa amevua kofia. Visi alikuwa anatazama mikono yake. Gardien alikuwa anatazama kandambili miguuni kwake, na hakuna aliyekuwa na methali.

Mado alibonyeza kitufe, akafungua mdomo, na wote waliokuwa na foni zao wazi saa ile, kutoka Kolwezi mpaka Mwene-Ditu, walisikia mwanamke anapumua.